Nafasi ikibana, wanachimba

Umeuliza bustani ya burudani isiyo na pa kupanukia inaweka wapi michezo mipya. Angalia Phantasialand ya Brühl, Ujerumani: huku nyumba za watu, kule msitu wa hifadhi. Basi wanabomoa cha zamani na kushuka chini. Taron, rola kosta (vigari vya kasi vinavyopanda na kushuka kwenye reli) ya mwaka 2016, imezamishwa kati ya miamba ya bandia, reli zimesokotana kama uzi wa mtoto: zinapishana mara 116! Kwa F.L.Y., rola kosta nyingine ya 2020, walivunja mchezo wa zamani, Race for Atlantis, wakabana reli na hoteli pamoja. Uko chumbani, unachungulia dirishani, abiria wanapita wamelala kifudifudi. Ila waliopenda kile cha zamani, ndiyo basi tena.