Maswali ya Wasomaji: BMW M1, Gari la Kijerumani Lenye Injini ya Kati

Picha ya BMW M1 tuliyoichapisha katika toleo lililopita imetuletea barua nyingi kutoka kwa wasomaji. Nimechagua zile zinazogusa namna gari hilo lilivyobuniwa na uwezo wake barabarani na mashindanoni, na maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mliandika kwamba M1 ina injini ya kati. Mimi ninaendesha Toyota Estima ya zamani ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Je, nayo ni ya kati? Na Volkswagen Beetle, ambayo injini yake iko nyuma, inaangukia wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, Estima ya kizazi cha kwanza kweli ina injini ya kati. Kinachoangaliwa si kama injini iko mbele au nyuma ya dereva, bali kama uzito wake umekaa baina ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Toyota waliilaza injini ya Estima kwa ubavu, kiasi cha nyuzi 75, ili ienee chini ya sakafu. Beetle ni jambo jingine, kwa kuwa injini yake imening'inia nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, kama ilivyo katika Porsche 911. Katika M1 injini imekaa nyuma ya viti viwili, mbele ya ekseli ya nyuma, ikiwa imelazwa kwa urefu wa gari.

Faida yake huonekana kwenye kona. Mtu aliyekumbatia ndoo moja ya maji kifuani hugeuka upesi kuliko aliyebeba ndoo mbili katika ncha za mzega, ijapokuwa uzito wa jumla unaweza kuwa uleule. Vivyo hivyo gari ambalo uzito wake mkubwa umekusanyika katikati hutii usukani haraka, na wakati huohuo matairi ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, hupata uzito wa kutosha wa kuyashikiza barabarani. Hasara zake nazo ni za kweli. Hakuna nafasi ya viti vya nyuma, joto na kelele za injini ziko mgongoni mwa dereva, fundi hulazimika kufanya kazi kwa kuinamia shimo jembamba, na matairi yakishaachia, gari huzunguka ghafla kuliko dereva wa kawaida anavyoweza kulidhibiti. Kwa BMW kulikuwa na ugumu wa ziada, maana injini yao ina silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, na injini ndefu namna hiyo hudai nafasi kubwa mahali ambapo nafasi ni haba.

BMW walijulikana kwa magari ya abiria. Ilikuwaje wakatengeneza gari kama hili, na kwa nini wapo wanaosema kwamba M1 ni gari la Kiitaliano? (Msomaji, Tanga)

Chanzo ni mashindano. Kitengo cha michezo cha BMW, kilichoanzishwa mwaka 1972 mjini Munich chini ya uongozi wa Jochen Neerpasch, kilikuwa kikipata ushindi mwingi kwa gari aina ya 3.0 CSL, lenye milango miwili na injini mbele, ambalo lilitokana na gari la kawaida la abiria. Porsche walipoingia katika Kundi la 5, daraja la mbio la magari yaliyorekebishwa sana, na gari lao la 935 lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), CSL ikaanza kuzidiwa, na ikawa wazi kwamba kuendelea kulirekebisha gari la abiria hakutoshi. Lilihitajika gari lililobuniwa kwa ajili ya mbio tangu mstari wa kwanza wa mchoro. Lakini kanuni za wakati huo zilidai kwamba gari la namna hiyo lipitie kwanza Kundi la 4, daraja la magari yaliyo karibu zaidi na yale yanayouzwa, na ili likubaliwe huko ilipasa yatengenezwe magari 400 ndani ya miezi 24. Kwa hiyo M1 ya barabarani, pamoja na kiyoyozi chake, iliuzwa kwa wateja ili kutimiza sharti la mashindano. Jambo hili likieleweka, mengine yote katika historia yake yanaeleweka.

BMW hawakuwa na uzoefu wa kuuza magari yenye injini ya kati. Walichokuwa nacho ni BMW Turbo ya mwaka 1972, gari la maonyesho lililochorwa na Paul Bracq, ambalo halikupata kuuzwa. Viwanda vyao vilipangwa kwa ajili ya maelfu ya magari ya aina moja, si kwa mamia machache ya gari linalohitaji kuunganishwa kwa mkono. Ndipo katikati ya miaka ya 1970 wakaingia mkataba na Lamborghini, kampuni ya Italia, ambao walikuwa wameshatengeneza Miura na Countach, magari yenye injini ya kati, na hivyo walizijua kazi za namna hiyo. Mhandisi Gian Paolo Dallara akabuni fremu, na Giorgetto Giugiaro wa kampuni ya ubunifu ya Italdesign akachora umbo lile la chini lenye mistari iliyonyooka, ambalo kimo chake ni sentimita 114 tu.

Tatizo likawa fedha. Lamborghini walikuwa wamebanwa na madeni, kazi ikasuasua, na mwaka 1978 BMW wakavunja mkataba. Kuanzia hapo gari lilitengenezwa kwa njia ambayo inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Fremu ya mabomba ya chuma ilichomelewa na kampuni ya Marchesi mjini Modena. Bodi ya faiba ilitengenezwa na kampuni ya T.I.R. huko Reggio Emilia. Vyote viwili vikapelekwa Italdesign, Turin, ambako bodi ilifungwa juu ya fremu na sehemu ya ndani ya gari ikapangwa. Kutoka hapo gari ambalo bado halina injini lilisafirishwa kwenda Stuttgart, katika karakana ya Baur, ambako lilifungwa injini, giaboksi na mifumo ya chini, na hatimaye likafikishwa Munich kwa ukaguzi wa mwisho wa kitengo cha michezo. Gari moja, nchi mbili, karakana tano.

Kwa hiyo wanaoliita gari la Kiitaliano hawasemi uongo, kwani umbo, fremu na bodi ni kazi ya Italia. Injini ni ya BMW, giaboksi ni ya kampuni ya Kijerumani ya ZF, na maamuzi yote yalifanyika Munich. Lililoniuma siku zote katika habari hii ni muda uliopotea. Gari lilionyeshwa kwa umma mjini Paris mwezi Oktoba 1978, na idadi iliyotakiwa na kanuni haikutimia hadi mwishoni mwa mwaka 1980. Mwaka 1982 kanuni mpya za Kundi C zikaanza kutumika, na Kundi la 5, lile lile ambalo M1 ilibuniwa kwa ajili yake, likafika ukingoni. Uzalishaji ulikuwa umeshakoma mwaka 1981, yakiwa yametengenezwa takribani magari 450, ambayo kiasi cha 400 yalikuwa ya barabarani na yaliyobaki ya mashindano.

Nguvu za farasi 277 za M1 si nyingi. Siku hizi hata magari ya kawaida ya familia huzifikia. Kwa nini basi M1 inasifiwa hivyo? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli kwamba leo idadi hiyo haishtui. Lakini tuipime kwa wakati wake na kwa uzito wake. M1 ina uzito wa kilo 1,300 hivi. Injini yake, inayoitwa M88, ina ujazo wa sentimita za ujazo 3,453, na nguvu zake zote hupatikana kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika bila turbo yoyote, yaani nguvu za farasi 80 kwa kila lita moja, katika kipindi ambacho magari mengi ya barabarani hayakufika hata 60. BMW walitoa takwimu ya sekunde 5.6 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, na kasi ya juu ya kilomita 262 kwa saa. Porsche 911 Turbo ya lita 3.3 iliyouzwa wakati huohuo ilikuwa na nguvu za farasi 300, na kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 260. M1 iliyapata hayo ikiwa na nguvu pungufu, na sababu kubwa ni umbo lililo chini na linalopasua hewa vizuri.

Ukiifungua injini yenyewe ndipo unapoona ilikotoka. Bloku ni ya chuma, na kichwa cha alumini kina kamshafti mbili (mihimili inayofungua valvu) zinazoendeshwa kwa mnyororo na valvu nne kwa kila silinda, jumla 24, mpango uliotoka moja kwa moja katika injini za mashindano za CSL. Kila silinda ina kilango chake cha hewa, hivyo mguu ukigusa mafuta injini huitikia papo hapo bila kusubiri hewa ijaze chemba moja kubwa. Petroli hupelekwa na pampu ya kimitambo ya Kugelfischer. Oili ya injini haikai katika sampu, yaani bakuli la chini ya injini, kama tulivyozoea. Huvutwa na pampu na kuwekwa katika tangi la pembeni. Faida ni mbili: kwanza, kwenye kona ndefu ya kasi oili haikimbilii upande mmoja na kuacha beringi zikiwa kavu, pili, kwa kuwa hakuna sampu nene chini, injini yote inashushwa karibu zaidi na ardhi. Huo ni utaratibu wa gari la mbio uliowekwa katika gari lenye namba za barabarani.

Usukani wake hauna pawa, na gia ya kwanza iko kushoto nyuma, peke yake, ili gia ya pili na ya tatu, zinazotumika zaidi katika mbio, zikae katika mstari mmoja ulionyooka. Pamoja na hayo, waliolijaribu wakati huo walilisifu kwa utulivu wake, na hapo ndipo lilipotofautiana na magari mengi ya Italia ya daraja hilo. Binafsi ninaona sifa hiyo ni kubwa kuliko kasi, kwa maana kulifanya gari la mbio liweze kuendeshwa kwenda kazini ni kazi ngumu kuliko kuliongezea nguvu.

Je, liliwahi kushinda chochote, ikiwa lilichelewa mashindano yake? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kuwa mlango wa Kundi la 5 ulikuwa bado umefungwa, Neerpasch alianzisha mashindano ya M1 peke yake. Yaliitwa Procar, na yaliendeshwa mwaka 1979 na 1980, mara nyingi siku moja kabla ya mbio za langalanga barani Ulaya, katika viwanja vilevile. Uhondo wake ulikuwa katika mpangilio. Madereva watano wa langalanga waliokuwa na kasi zaidi katika mazoezi ya Ijumaa walipewa magari ya BMW wenyewe, wakashindana na madereva wengine waliokodiwa na timu binafsi, wote wakiwa ndani ya magari ya aina moja yenye nguvu za farasi 470 hivi na uwezo wa kukaribia kilomita 310 kwa saa. Mwaka wa kwanza bingwa alikuwa Niki Lauda, wa pili Nelson Piquet. Watazamaji walipata kuona kitu ambacho langalanga yenyewe haikuweza kuwaonyesha, yaani nani mjuzi zaidi pale ambapo gari halimsaidii wala kumwangusha mtu kuliko mwenzake.

Katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1979, M1 iliyopakwa rangi kwa mkono na msanii Andy Warhol, akiitumia brashi moja kwa moja juu ya bodi na kuimaliza kwa chini ya nusu saa, ilishika nafasi ya sita kwa jumla. Waliiendesha Manfred Winkelhock, Hervé Poulain na Marcel Mignot. Wengi huikumbuka kwa rangi zake, lakini nafasi ya sita katika mbio hizo si jambo dogo.

Kwa nini lina nembo mbili nyuma? (Msomaji, Bukoba)

Nembo moja imewekwa katika kila pembe ya nyuma, na mpango huo umetoka katika BMW Turbo ya mwaka 1972.

Je, kuna chochote cha gari hili kilichofika Afrika? (Msomaji, Nairobi)

Kipo, nacho ni injini. M1 ilipokoma, BMW hawakuitupa kazi ile. Waliondoa tangi la pembeni la oili wakarudisha sampu ya kawaida, na badala ya pampu ya kimitambo wakaweka mfumo wa kielektroniki wa Bosch Motronic. Nguvu zikapanda hadi 286. Injini hiyo, M88/3, ikafungwa katika M635CSi na katika M5 ya kwanza, ambayo kwa nje ilifanana mno na gari la mkurugenzi wa ofisi yoyote.

Afrika Kusini iliingia kwa sababu ya usukani. Katika soko la Ulaya gari kubwa la BMW aina ya 745i lilitumia injini yenye turbo, lakini turbo hiyo ilikaa upande uleule ambao mhimili wa usukani hupita katika magari ya usukani wa kulia, na hapakuwa na nafasi ya vyote viwili. Kiwanda cha BMW cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kikaamua kuifunga M88/3 katika 745i zake, na kati ya mwaka 1984 na 1986 yakatoka hapo takribani magari 200. Kwa hiyo msomaji anayetaka kuisikia injini iliyotokana na ile ya M1 katika gari lenye usukani upande wetu, aitafute 745i ya Afrika Kusini, afungue boneti, na ahesabu vilango sita vya hewa.