Tairi kubwa, difu gani?

Maswali ya wasomaji: Gari na Ufundi

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Hilux LN106 ya dizeli, injini ya 3L, gia za mkono. Ilikuwa na tairi za 205R16, nikaivalisha za inchi 33 (33x12.50R15) kwa ajili ya tope la njia ya shamba. Tangu hapo nikiwa na magunia ya karafuu hainyanyuki kilimani mpaka ninuse klachi inaungua, na gia ya tano imekuwa pambo tu. Fundi mmoja kaniambia nitafute difu ya 4.1, mwengine 4.8. Nimfuate yupi?
Msomaji, Mtambile, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Mfuate wa pili, lakini usinunue kitu kabla hujapima.

Difu ni gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Namba yake ni hesabu ya meno ya krauni (gia kubwa ya duara) kugawa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Meno 41 kwa 9 ni 4.556, maana yake propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) huzunguka mara nne na nusu na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikipanda, gari hupata nguvu na hupungua mbio. Tairi kubwa nayo hukanyaga masafa marefu zaidi kila inapozunguka, kwa hiyo kuifunga ni sawa na kuibadilisha difu yako iwe ya mbio bila kuigusa. Ukiweka tena 4.1 juu ya hapo, umeiongezea injini mzigo mara mbili. Hiyo gari haitapanda kitu.

Kwanza jua una difu gani. Kibao cha chuma chini ya boneti kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE wenye alama za kiwandani, lakini gari za umri huo zimeshapita mikono mingi na difu iliyomo huenda si iliyotoka nayo. Hesabu mwenyewe. Tia kabari magurudumu ya mbele, nyanyua ya nyuma yote mawili uyaweke juu ya stendi (jeki peke yake haitoshi, utakuwa umelala chini yake), toa gia, achia breki ya mkono. Piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi moja. Mwenzio alishike gurudumu la pili lisizunguke kabisa. Wewe zungusha la kwako mara 20 kamili huku unahesabu propela. Gurudumu moja likizuiwa, krauni huenda nusu ya mwendo wa lile linalozunguka, kwa hiyo mizunguko 20 ya tairi ni 10 ya krauni. Propela ikienda mara 41, una 4.1. Ikienda 43, ni 4.3. Arubaini na tano na nusu ni 4.556, na karibu 49 ni 4.875, ndiyo hiyo 4.8 ya fundi wako wa pili. Wanaozungusha mara mbili tu hawawezi kutofautisha 4.1 na 4.3, na hapo ndipo watu wanaponunua difu isiyo yao.

Pili, pima tairi ikiwa chini ya mzigo. Usiamini namba ya ubavuni, kwani 33 ya kiwanda kimoja si 33 ya chengine, na tairi iliyobeba huinama. Jaza upepo wa kawaida, pakia mzigo wako wa kawaida, simamisha gari kwenye sakafu ya saruji. Piga chaki tairi inapogusa chini, na sakafuni vilevile. Isukume gari moja kwa moja mpaka alama ya tairi irudi chini mara ya tatu, pima masafa, gawa kwa tatu. Fanya hivyo kwa tairi ulizonazo na kwa zile za zamani. Kama umeshaziuza, azima gari ya jirani yenye 205R16.

Tuseme ya zamani imetoa mita 2.24 na mpya 2.50, ambazo ni namba za kawaida kwa tairi hizi. Gawa 2.50 kwa 2.24 upate 1.116. Zidisha kwa difu yako, tuseme umekuta 4.556: 4.556 mara 1.116 ni 5.08. Hiyo ndiyo difu ya kukurudisha ulikokuwa, ila madukani huipati. Kuna 4.875 (meno 39 kwa 8) na kuna 5.29 (37 kwa 7), na yako imeangukia katikati. Angalia mwendo wa injini ukiwa gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi hii ni moja kwa moja, kwa kilomita 80 kwa saa. Zamani injini ilizunguka kiasi cha mara 2,710 kwa dakika. Sasa ni 2,430. Ukiweka 4.875 itakuwa 2,600, ukiweka 5.29 itakuwa 2,820.

Kwa mtu anayeshusha karafuu kwenye vilima vya Pemba, 5.29 ndiyo inayobeba. Kilomita mia kwa saa huna pa kuzikimbiza huko, kwa hiyo unachopoteza ni kidogo. Tatizo lake ni jengine. Pinioni ya meno 7 ni nyembamba kuliko ya meno 9, na 5.29 kwa kawaida huipati kama difu kamili ya mtumba. Utanunua krauni na pinioni mpya, seti mbili, mbele na nyuma, zikafungwe na fundi mwenye geji. 4.875 ilitoka kiwandani, kwa hiyo kichwa kizima cha mtumba (krauni na pinioni zikiwa zimeshafungwa ndani ya kasha lake) hupatikana, hasa ukivuka kwenda Gerezani, Dar es Salaam.

Sisi tungekushauri jambo ambalo hukuliuliza: ziuze hizo 33 ufunge 31x10.50R15. Mzunguko wake ni kama mita 2.36, na 4.556 yako ingehitaji 4.80 kurudi sawa. Kichwa cha 4.875 kinakupa hiyo na ziada kidogo ya nguvu, breki hazizidiwi, na bado umenyanyuka kutoka kwenye tope. Tope la njia ya shamba halihitaji 33. Linahitaji kashata nzuri za tairi na fowili (kuvuta kwa magurudumu yote manne) inayofanya kazi.

Ukinunua kichwa cha mtumba, hesabu meno kabla ya kulipa. Kizungushe kwa mkono: kikikwaruza au kikikamata mahali, kiache. Angalia meno ya krauni upande uliong'aa. Vidoto vidoto kama vya chuma kilicholiwa na kutu maana yake kilikaa na maji. Linganisha matundu ya flenji na ya propela yako. Habari njema ni kwamba LN106 ina ekseli nzima mbele, na kichwa cha inchi 8 cha nyuma huingia mbele pia, kwa hiyo tafuta viwili vinavyofanana.

Na spidomita yako sasa inakudanganya. Ikisoma 80 unakwenda karibu 89. Difu ikibadilishwa kufuata tairi, nayo inarudi kusema kweli, kwa sababu inachukua mwendo wake kabla ya difu.

SWALI: Fundi alinibadilishia difu ya nyuma tu, kutoka 4.556 kuwa 4.875, akasema ya mbele haina haja kwa kuwa fowili naitumia mara chache. Juzi niliingiza fowili kwenye mchanga, nilipotoka barabarani gari ikawa nzito kama imefungwa breki na gia ya fowili ikagoma kutoka.
Dereva, Makunduchi, Unguja

JIBU: Usiingize tena fowili mpaka ya mbele ibadilishwe. Ukiingiza, transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) huzifunga propela zote mbili ziende mwendo mmoja. Magurudumu ya nyuma yakitaka kwenda mita 100, ya mbele yanataka 107. Hizo mita saba lazima zipotelee mahali. Mchangani tairi huteleza bila wewe kuhisi kitu. Juu ya lami haina pa kuteleza, basi nguvu yote hujipinda ndani ya transfa, ndiyo maana gia ilikamata. Ikikukamata hivyo, rudi nyuma moja kwa moja mita chache huku unaivuta gia taratibu, usiipige nyundo. Kama magurudumu ya mbele yana kufuli za mkono, ziache wazi kwa sasa. Kisha muulize huyo fundi nani atalipa cheni au gia za transfa siku zikikatika.

SWALI: Vigo yangu ina 265/70R16. Nataka kufunga 265/75R16. Nibadilishe difu?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Hapana. Tofauti ni asilimia tatu na nusu, mguu wako hautaijua. Kagua tu tairi isiguse plastiki ya matao ukikata usukani mpaka mwisho.

SWALI: Nimefungiwa krauni na pinioni mpya za 4.875. Kuanzia kilomita 50 difu inalia wuuu nikikanyaga mafuta, nikiachia inanyamaza. Nikitoka Chake Chake kufika Wete difu haishikiki kwa mkono. Fundi anasema itazoea.
Msomaji, Konde

JIBU: Joto kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Mlio hauzoei. Mlio unaotokea ukikanyaga tu unaashiria meno hayakutani pale panapotakiwa, na kila kilomita unazoendesha zinayachimba zaidi. Simamisha.

Muombe fundi afungue kichwa na apake meno machache ya krauni rangi ya mafuta, kisha azungushe huku mwengine ameizuia krauni kidogo. Alama inatakiwa katikati ya jino. Ikiwa juu, karibu na ncha, pinioni iko mbali na krauni: shimu (pete nyembamba ya chuma) iliyo chini ya beringi kubwa inataka kuwa nene zaidi. Ikiwa chini kwenye shina la jino, shimu ipunguzwe. Ikisogea kwenye mwisho wa ndani au wa nje wa jino, hapo huguswa nati za pembeni zinazoisogeza krauni kushoto na kulia. Uchezaji wa krauni kwa difu ya inchi 8 ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, na hupimwa kwa geji ya mshale sehemu kadhaa za mzunguko. Fundi anayeitikisa kwa kidole na kusema "hii sawa" anakisia.

Kuhusu joto, tunashuku nati ya pinioni. Beringi mpya zinataka uzito wa kuzungusha wa Nm 1.2 hadi 1.9, pinioni ikiwa peke yake, kabla krauni haijaingia; beringi zilizotumika, 0.6 hadi 1.0. Ndani kuna bushi nyembamba inayobonyea nati inapokazwa, na ikishabonyea haijirudi. Aliyekaza kupita kiasi akairudisha nati nyuma amekuachia pinioni inayocheza. Aliyeiacha ilivyo amekuachia beringi zinazochemka. Dawa ni bushi mpya, ikazwe kidogo kidogo, ipimwe kila hatua.

Ukishafungiwa upya, tia oili ya GL-5 ya 90 au 80W-90 mpaka ifike mdomo wa tundu la kujazia. Safari ya kwanza iwe dakika 15 hadi 20 bila mzigo, kisha iache ipoe kabisa. Usipakie wala kuvuta kitu kwa kilomita 800, halafu mwaga oili hiyo uweke nyengine. Ikitoka na unga wa kung'aa kidogo, usishtuke, ni meno yanajisugua. Ikitoka na vipande vinavyokwaruza kidole, au nyeupe kama chai ya maziwa, rudi kwa fundi: vipande ni jino, na weupe ni maji yaliyovutwa ndani difu ya moto ilipoingia kwenye maji baridi na kipumulio kimeziba.