Ampu ya besi inakata fyuzi kila ukiwasha

Kaka acha kubadilisha fyuzi, na usithubutu kuweka kubwa zaidi, utaunguza transfoma bure. Kama inakatika hata gitaa hujachomeka, tafuta balbu ya zamani ya wati 100, sio LED, uiunge mfululizo kwenye waya wa moto wa ampu. Iking'aa na kubaki inang'aa kuna shoti, ikimulika kidogo ikafifia hapo pako sawa. Sasa zima, chomoa umeme, halafu toa waya za transfoma zinazoingia kwenye rektifaya (zile daiodi zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC) uwashe tena, balbu ikififia transfoma ni nzima, shida iko mbele. Chomoa umeme, pima daiodi za rektifaya kwa mita ikiwa kwenye alama ya daiodi, nzima inasoma kama volti 0.5 mpaka 0.7 upande mmoja tu, ikilia bipu pande zote imekufa. Daiodi zikiwa nzima angalia zile transista kubwa za kwenye hitisinki (bamba la chuma la kupoza), mara nyingi ndo zenyewe. Ila kabla hujagusa kitu toa chaji kwenye zile kapasita kubwa kwa rezista ya 2.2k wati 5, mambo ya kuzishotisha kwa bisibisi waachie wanaopenda cheche. Na kama ni zile ampu nyepesi zisizo na transfoma kubwa, mpelekee fundi, mule ndani kuna zaidi ya volti 300.