Kumuaga Mstaafu Mwezi wa Saba, Mbeya

Nimekaa kwenye kamati ya kuaga wastaafu wa ofisini kwetu mara mbili. Mara ya kwanza tuliharibu, na mpaka leo inaniuma, maana mtu hustaafu mara moja.

Alikuwa dereva wetu. Kwenye faili lake tarehe ya kuzaliwa ni 1 Julai, kama ilivyo kwa wazee wengi ambao siku yao halisi haikuandikwa popote, hivyo miaka 60 ya kustaafu kwa lazima ilimkuta katikati ya baridi. Tukakodi ukumbi kule Forest, kadi zikasema saa moja usiku. Mgeni rasmi akafika saa tatu. Risala, salamu, nasaha; chakula kikafunguliwa saa nne na nusu. Bado naiona sahani ya mke wake: wali wa Kyela umepoa, nyama imezungukwa na mafuta yaliyoganda, meupe kama mshumaa. Alikuwa amejitanda vitenge viwili, yuko meza ya nyuma kabisa. Mumewe yuko meza kuu, katikati ya wakubwa ambao hawajawahi hata kupanda gari lake.

Mwaka uliofuata akastaafu mama wa masijala. Safari hii sikuitisha kikao kwanza. Nilimfuata, nikamkuta anafunga mafaili kwa kamba.

"Shikamoo mama. Unataka tukuageje?"

"Marahaba mwanangu. Jua likiwepo. Na yule mlinzi wa usiku msimsahau."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: muulize mwenyewe, na umuulize ana kwa ana. Kwenye kundi la WhatsApp atajibu "chochote tu, asanteni", kwa sababu ya haya.

Tulianza saa tisa alasiri. Watu wakala kwanza, hotuba zikafuata, nne tu. Kwa mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu, tafadhali, msiweke nyama yenye mafuta mengi. Tulipika kuku wa kienyeji, ndizi za Tukuyu na maharage, na masufuria yakabaki kwenye majiko ya mkaa mpaka mtu wa mwisho akapakua. Chai ya tangawizi ilizunguka tangu watu wanaingia. Mume wake na wanawe walikaa naye meza moja.

Kuhusu michango: wekeni kiwango ambacho mhudumu wa usafi anaweza kukitoa bila kukopa, anayetaka kuongeza amwone mweka hazina kimya kimya. Msisome majina na kiasi ukumbini. Zawadi nayo ulizeni nyumbani kwake. Sisi tulikuwa tumeshakubaliana kununua friji, binti yake akatuambia mama anaezeka nyumba Tukuyu. Tukabadilisha, tukanunua mabati ya geji 28. Siku ya kuyakabidhi aliligonga moja kwa kidole, akasikiliza mlio wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: mwambieni MC asitanie kuhusu kiinua mgongo. "Mama sasa ni milionea, tutakuja kukopa!" Watu hucheka, lakini maneno hayo hutoka ukumbini na kumfikia ndugu mwenye shida na tapeli mwenye simu. Mstaafu ana mkupuo mmoja na pensheni ya kila mwezi, na hesabu hiyo ni yake na familia yake. Tulimwambia MC mapema na alituelewa.

Mlinzi alikuja, koti lake la kazini limepigwa pasi. Hakuwa kwenye ratiba. Tulimpa nafasi ya mkurugenzi ambaye alipata udhuru. Akasema siku zote alizokesha getini, mama huyu alikuwa akifika asubuhi na kiazi cha kuchoma kwenye mkoba, bado cha moto, amekifunga kwa gazeti. Mama akainamisha uso kwenye kanga. Jua lilikuwa halijazama nyuma ya milima, na hakuna aliyeangalia saa.