Mama yule anahesabu siku saba

"Shangazi, natunga tasbihi, rozari na mala (shanga za sala za Wahindu na Wabudha), nauza mtandaoni. Biashara ilikuwa ikisuasua hadi nilipoandika kwamba zimeombewa na zinaondoa maradhi. Hakuna aliyeziombea. Juzi mama mmoja alimnunulia mwanawe mgonjwa, akaniuliza asubiri siku ngapi. Nikamjibu saba. Tangu hapo sipati usingizi. Je, kuuza vitu vitakatifu ni dhambi?"

Mwanangu,

Swali la dhambi litangoja. Mama yule hangoji, anahesabu siku. Acha kusoma hapa kwanza, umwandikie: hazikuombewa, hazitibu, siku saba nilizitunga mimi, tafadhali mpeleke mtoto hospitali leo. Mrudishie fedha zote. Usijitetee, wala usimsimulie jinsi maisha yalivyokubana. Asipojibu, mpigie simu. Akikutukana, nyamaza usikilize.

Umeshamwandikia? Haya, tuzungumze.

Kutunga shanga na kuziuza si kosa. Kila anayeshika tasbihi, yeye au aliyempa aliipata kwa fundi, na fundi lazima ale. Kanisa Katoliki halizuii rozari kuuzwa, ila linafundisha kwamba rehema, yaani msamaha wa adhabu ya dhambi, iliyoambatana na kitu kilichobarikiwa hukoma kitu hicho kinapouzwa. Naipenda sana kanuni hiyo. Chombo kinunulike, lakini baraka isipandishe bei. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Simoni aliwatolea mitume fedha ili naye apate uwezo wa kuwapa watu Roho kwa kuwawekea mikono, na Petro akamkemea vikali. Mwaka 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, aliandika hoja zake 95 akipinga biashara ya vyeti vya rehema, vilivyouzwa kwa ahadi ya kuwapunguzia adhabu hata marehemu. Waliovinunua hawakuwa wajinga, mwanangu. Wengi walikuwa wafiwa, wakiwalilia wazazi wao waliokwisha kufa. Maneno yako nayo yamemfikia mtu wa namna hiyo, mama aliyekesha na mtoto anayeungua homa, au chochote kile kinachomuumiza. Mtu mwenye afya na furaha angeyapita tu.

Shanga hizo ziliwekwa mkononi ili mtu ahesabu. Tasbihi ina punje 33 au 99. Rozari inakwenda kwa makumi ya Salamu Maria. Mala ya Wahindu na Wabudha ina 108. Kidole kinasogeza punje, ulimi unataja, moyo unatulia polepole. Kazi hiyo ni ya mwenye kusali, na wewe huwezi kumfanyia kabla hajanunua. Basi andika hayo kwenye tangazo lako: idadi ya punje, mti au jiwe ulilotumia, uzi gani, zinashikwaje. Ukiwa hujui zinashikwaje, kaulize kwa wanaozitumia kabla hujatunga nyingine. Na usizipunguze punje ili zitoshe kifundo cha mkono kisha ukaendelea kuziita tasbihi.

Yale maneno ya maradhi yafute usiku huu. Kisha pitia orodha ya wote walionunua tangu uyaandike, uwape ukweli mmoja mmoja, anayetaka fedha arudishiwe. Mauzo yatashuka, sitakuficha. Huenda ukahitaji kazi nyingine ya kukusaidia kwa muda, na hilo tunaweza kulizungumza katika barua nyingine.

Ila kwanza, ukipata habari za yule mtoto, niandikie. Nami nangoja.

Shangazi yako