Ukitaka kujijengea treni kubwa ya modeli, anzia kwa magurudumu

Watu wakiona injini iko juu ya meza imepakwa ile rangi ya damu ya mzee, namba mbele, ngazi pembeni, wote wanauliza boila umeikunjaje na madirisha umekata na nini. Chini hawaulizii. Na mi huwajibu wote vile vile, kazi ya treni iko chini, kwa fremu na magurudumu, hayo ya juu fundi yeyote mwenye mkono mtulivu atayaweza.

Naongelea modeli kubwa za kujengwa kwa mkono, bomba, bati, plaiwudi na chuma, sio za kufungua kwa boksi. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati moja kwa hii kazi. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, milimita 1,000 kutoka reli hadi reli. Sasa treni za bustani, zile ambazo kampuni ya LGB ya Ujerumani ilianza kuuza mwaka 1968, zinatumia njia ya milimita 45 na skeli ya 1 kwa 22.5. Chukua 1,000 ugawe kwa 22.5, unapata 44 na ushee. Yaani treni yetu inakaa pale bila kudanganya kipimo, wakati mwenzako anayeiga treni ya njia pana zaidi kwa skeli hio hio, upana wa njia lazima umdanganye.

Kwa hivyo skeli ni hio, usihangaike. Kama unataka kitu cha kukalia na kuendesha nyuma ya nyumba basi kuna njia za inchi 5 na inchi 7 na robo, lakini hapo unahitaji kiwanja, kuchomelea vyuma vizito na mfuko mrefu.

Alafu nenda ukapime kitu halisi. Makumbusho ya Reli pale Nairobi kuna Garratt mbili, zile injini ndefu za mvuke zinazojikunja, za klasi 59, namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Zilijengwa na Beyer Peacock kule Manchester kati ya 1955 na 1956, zikawa 34 zote, kila moja ikapewa jina la mlima wa huku kwetu, na moja ina uzito wa tani 250 hivi. Urefu unapita mita 31, kwa skeli yetu hio ni mita 1.4, pima meza yako kabla hujajiahidi kitu. Beba futi, daftari na penseli, waombe wahudumu ruhusa, na ukipiga picha weka rula ionekane ndani ya picha, itakuokoa ukiwa nyumbani usiku unajiuliza ile bolti ilikuwa na ukubwa gani. Boila ina kipenyo cha futi 7 na nusu hivi, ukigawa inakuja milimita 102. Bomba la PVC la inchi 4, lile la maji machafu, ni 110 kwa nje, na ukikumbuka boila yenyewe imevikwa bati juu, tofauti inayobaki jicho halitaishika.

Lakini usianze na Garratt, nakuomba. Anza na behewa la mizigo, la wazi au la boksi, lenye ekseli mbili tu. Behewa linakufundisha kila kitu cha chini bila presha ya mota na mikono ya pistoni.

Magurudumu mpelekee fundi wa lethi, ile mashine ya kukereza chuma, na mchoro, sio maneno. Mi hupeleka mchoro wa saizi yenyewe, uliopimwa kwa milimita, pamoja na kipande cha reli mkononi, kwa sababu fundi wa lethi kazi zake ni bushi na shafti za gari, akikuona na gurudumu dogo hivo atauliza, "Bosi, hii ni ya mashine gani?" Ukiweka gurudumu juu ya reli mbele yake anaelewa papo hapo kwa nini ule ukingo wa ndani lazima uwe na kona ya mviringo na kwa nini sehemu inayokanyaga reli iteremke kidogo kuelekea nje. Mteremko huo ni nyuzi chache tu lakini ndo unarudisha ekseli katikati. Na kati ya mgongo wa gurudumu moja na lingine acha milimita 40 hivi. Pima kila ekseli sehemu tatu huku ukiizungusha, kama kipimo kinabadilika basi gurudumu limekaa upande na behewa litayumba.

Sasa sheria ambayo mi siivunji: vipande pacha vinatobolewa pamoja. Fremu ya kushoto na ya kulia, zifunge kwa bolti ziwe kitu kimoja, ndo upitishe drili mara moja. Mikono inayounganisha magurudumu ya injini pia, bandika mbili kwa lehemu kidogo, toboa, piga tupa, alafu pasha moto ziachane. Hata kama tundu limehama kwa nusu milimita, limehama pande zote mbili na ekseli zinabaki sambamba. Ukitoboa moja moja hakuna kupima kutakakokusaidia.

Ukifika kwa injini kuna jambo lingine, kreki, pale mkono unaposhikana na gurudumu, za kushoto na za kulia lazima zipishane nyuzi 90. Kwa klasi 59 magurudumu makubwa ni inchi 54, kwetu milimita 61, manane mbele na manane nyuma. Tengeneza jigi ya chuma ya kushikilia ekseli wakati unabana gurudumu la pili, ekseli zote zipite jigi hio hio. Hapo usitumie macho. Alafu ile Garratt inajikunja, boila imelala katikati juu ya egemeo mbili na injini ziko kila mwisho, ndo wazo alilosajili Herbert William Garratt mwaka 1907, kwa hivyo jenga hizo injini mbili kama magari mawili tofauti, kila moja itembee peke yake kwenye kona kabla boila haijaguswa.

Mota ndogo ya volti 12 yenye giaboksi yake inatosha kwa kila injini, na betri iingie kwenye tangi. Umeme wa kupitia reli achana nao kama treni itakaa nje, vumbi letu halina huruma.

Ya juu sasa. Ribiti unazipata kwa bati la kopo la soda, ligeuze, liweke juu ya raba ya kiatu, bonyeza kwa kalamu iliyoisha wino kufuata mstari. Piga praima nyepesi mara mbili kabla ya rangi. Na mafuta ya ekseli ni yale ya cherehani, tone moja, na yasiguse mahali gurudumu linakanyaga reli.