Zima huduma zisizo na mwenyewe kwenye seva ya faili

Ofisi nyingi ndogo za Nairobi hazina chumba cha seva. Kuna kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mtumba Luthuli Avenue, ikawekwa chini ya meza ya mhasibu, ikapakiwa Ubuntu, ambayo ni mfumo endeshi wa Linux, pamoja na Samba, programu ya kugawa faili kwa kompyuta za Windows, na tangu siku hiyo ofisi nzima inaiita seva. Kazi yake ni moja tu: kutunza faili na kuzigawa kwenye mtandao wa ofisi. Lakini ukichungulia ndani utakuta inaendesha huduma chungu nzima, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, ambazo hakuna aliyeziomba. Huduma ya kuchapisha ipo, ilhali printa ina waya wake kwenye swichi. Bluetooth ipo, haina cha kuunganisha. Hata programu ya kusimamia modemu za laini ya simu ipo, na modemu yenyewe hakuna.

Mtandaoni zimejaa orodha za huduma za kuzima. Mimi siziamini, maana aliyeziandika hajawahi kufika ofisini kwako. Swali langu kwa kila huduma ni hili: ikizimwa, nani atakuja kulalamika? Nikipata jina la mtu au la mashine, inabaki. Nikikosa, inazimwa.

Anza na zile zinazosikiliza mtandao. Amri ni `sudo ss -tulpn`, nayo itakuonyesha kila poti (mlango wa mtandao wenye namba) iliyo wazi na programu inayoishikilia. Tazama safu ya anwani. Iliyoandikwa 127.0.0.1 inaongea na mashine yenyewe tu, hiyo haina haraka. Iliyoandikwa 0.0.0.0 au [::] inamsikiliza yeyote aliye kwenye mtandao, pamoja na simu ya mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi akisubiri kuonana na mkurugenzi. Seva ya faili inahitaji poti 445 ya Samba, na 22 kama unaingia kwenye seva ukiwa mbali kwa SSH. Ukiona 631, 5353 au 111, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Poti 631 ni ya CUPS, mfumo wa kuchapisha. Septemba 2024 ulitangazwa udhaifu kwenye mwenzake anayeitwa cups-browsed: mtu wa mbali aliweza kuiingizia mashine printa bandia, na mtumiaji akituma kazi kwenye printa hiyo, amri za mshambulizi zikaendeshwa. Viraka vilitoka, sawa, lakini seva isiyochapisha chochote ibebe hatari hiyo kwa faida ya nani? Ila kuna mtego. Ukizima cups.service peke yake, mfumo utakuonya kwamba bado inaweza kuamshwa, na kweli itaamka, kwa sababu cups.socket na cups.path, zinazoiamsha kazi ikiingia, zimebaki macho. Zizime zote kwa mkupuo: `sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path cups-browsed.service`. Rpcbind ya poti 111 ina tabia hiyohiyo ya kuamshwa na socket yake. Hiyo hutumiwa na NFS, njia ya kugawa faili iliyozoeleka kwenye mashine za Linux. Kama ofisi yote ni Windows na faili zinapita kwa Samba, kwaheri.

Poti 5353 ni ya Avahi, na hapa usikimbie. Kompyuta za Mac hutumia njia hiyo kuiona seva bila kuandika anwani. Kama mna msanifu wa matangazo mwenye MacBook, mlalamikaji umeshampata. Nmbd nayo, ile ya majina ya zamani ya NetBIOS, izime tu baada ya kuhakikisha kwamba folda zilizounganishwa kwenye kompyuta za wafanyakazi zinatumia anwani ya IP au jina la DNS.

Kuna ofisi moja ya mawakala wa forodha kule Industrial Area ambako nilikuta mstari huu kwenye smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba: `server min protocol = NT1`. Maana yake seva ilikuwa inakubali SMB1, itifaki ya zamani ya kugawa faili, ileile ambayo virusi vya WannaCry viliitumia Mei 2017 kurukia kompyuta za Windows. Samba yenyewe iliacha kuikubali bila kuambiwa tangu toleo 4.11 la mwaka 2019, kwa hiyo kuna mtu aliirudisha kwa makusudi. Nikauliza ni ya nani. Karani akanijibu, "Ni ya hiyo fotokopi, bosi. Ukiizima, leo hatutoi kontena." Mashine ile ilikuwa inaskani hati za mizigo moja kwa moja hadi kwenye folda ya seva, na haikujua lugha nyingine. Dawa haikuwa kwenye seva. Tuliipakia fotokopi programu-dhibiti mpya kutoka kwa mtengenezaji wake, ikaanza kuongea SMB2, kisha ndipo mstari ukafutwa.

Ndiyo maana kazi hii siifanyi Jumamosi ofisi ikiwa tupu. Naifanya asubuhi ya siku ya kazi, huduma moja moja, wenye kulalamika wakiwa vitini mwao. Epuka tu kukaribia tarehe 9 na 20, siku za mwisho za kodi za PAYE na VAT kwa KRA, mamlaka ya mapato, la sivyo mhasibu atakufukuza na seva yako. Na usifute programu siku hiyohiyo. Iache ikiwa imezimwa hadi mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna ripoti na nakala za akiba ambazo huamka mara moja tu kwa mwezi.

Zipo huduma kimya ambazo hazina mlalamikaji wa leo, ila siku ya kulalamika itakuwa kilio. Smartd inapima afya ya diski, iache. Systemd-timesyncd, au chrony, inashika saa. Iache, hasa kama mnaingia kwa akaunti za Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji), maana Kerberos, inayowathibitisha watumiaji hao, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Na NUT au apcupsd, inayoongea na UPS, ni ya kulinda kuliko zote katika mji huu. Stima ikipotea na betri ikikaribia kuisha, hiyo ndiyo inayoifunga seva kwa utaratibu badala ya kuiacha izimike katikati ya kuandika faili.

Usitarajie kasi ya ajabu. Ukizima Bluetooth hakuna atakayeona tofauti. Mazingira ya picha, yaani eneokazi lenye madirisha na kipanya, ndiyo hula RAM kwelikweli, na kwenye mashine ya GB 4 inafaa kuyaondoa kwa `sudo systemctl set-default multi-user.target`, kisha uwashe upya. RAM inayobaki Linux huitumia kushikilia faili zinazosomwa mara kwa mara. Kama kunakili faili kubwa kunagota kwenye MB 11 kwa sekunde, acha huduma kabisa, kagua waya na swichi: kuna mahali mtandao umeshuka hadi megabiti 100.

Ukimaliza, hifadhi matokeo ya `ss` kwenye faili, na kando ya kila huduma uliyozima andika tarehe na sababu. Kila ukipandisha toleo la Ubuntu, endesha amri upya na ulinganishe, kwani baadhi ya huduma hurudi zenyewe.